Koti la maabara halivuki mlango

Saa nne asubuhi, nje ya geti la karibu kila hospitali ya wilaya, utawakuta. Vijana watatu wamesimama kwa mama lishe, chapati mkononi, makoti meupe mwilini. Mmoja ameegemeza kiwiko mezani, pale pale panapowekwa sahani. Wapita njia wanawatazama kwa heshima: madaktari hao. Mtu aliyesoma maabara anatazama kiwiko tu, kwa sababu anajua saa moja iliyopita kilikuwa kimelala juu ya benchi la kupokelea sampuli.

Na mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Chuoni tulifokewa tukisahau kuvaa koti, lakini sikumbuki hata siku moja kufokewa kwa kusahau kulivua. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa maabara kanuni za mavazi ya kinga atakuorodheshea vitu: koti, glavu, barakoa, miwani, viatu vya kufunika. Sawa. Sasa muulize vitu hivyo vinaanzia wapi na vinaishia wapi, nani anavifua, na nani aliyesema. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kuyumba.

Karatasi nne ukutani

Mkanganyiko wa kwanza ni wa nani anayeamua. Kwenye maabara nyingi za kwetu utakuta mabango ya taasisi tatu au nne yamebandikwa pamoja, na kila moja linasema jambo lake kidogo tofauti. Hayapingani. Yako kwenye ngazi mbalimbali.

Juu kabisa kuna sheria ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Sheria hizi hazisemi koti liwe refu kiasi gani. Zinasema mwajiri atoe vifaa kinga na kuvitunza, na mfanyakazi avitumie inavyotakiwa. Anayetafuta humo aina ya glavu atatoka mikono mitupu, ila anayetafuta nani anunue glavu hizo atapata jibu.

Chini yake kuna mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa usalama wa kibiolojia maabara, ambao toleo lake la 4 lilitoka mwaka 2020. Humo ndimo yalimo mambo ya koti lenyewe: mikono mirefu, ikiwezekana yenye kubana kwenye kifundo, lifungwe vifungo vyote, lifunike magoti, mikono isikunjwe, livaliwe maabara tu. Mwongozo huo si sheria, lakini miongozo mingi ya kitaifa imechota humo.

Kisha kuna viwango vya kimataifa vya ithibati, yaani utambuzi rasmi kwamba maabara inafanya kazi inavyotakiwa. ISO 15189 inahusu ubora wa maabara za tiba, na ISO 15190 inahusu usalama wake. Maabara ikitaka ithibati, wakaguzi wa mashirika yanayotoa ithibati, SADCAS kwa Tanzania au KENAS kwa Kenya, watakuja na orodha yao. Maabara ambayo haijafika huko huenda ikawa inapanda ngazi za SLIPTA, ule mpango wa nyota 1 hadi 5 wa kuziandaa maabara za Afrika kwa ithibati, uliozinduliwa Kigali mwaka 2009, na huko pia usalama una alama zake.

Mwisho kuna karatasi ambayo watu huiona ndogo kuliko zote: utaratibu wa kazi ulioandikwa na maabara yenyewe, ile SOP iliyo kwenye faili kabatini. Kwa shughuli za kila siku hiyo ndiyo yenye nguvu, maana ndiyo inayosema kwa kazi hii, kwenye chumba hiki, vaa hiki. Mkaguzi akija hatakuuliza WHO wanasema nini. Atafungua SOP yako, asome mlichokubaliana wenyewe, kisha ainue macho akutazame mwilini.

Toleo la 2020 liliongeza jambo ambalo wengi bado hawajalizoea. Zamani tulikuwa tukikariri ngazi za usalama, 1 hadi 4, na kila ngazi na mavazi yake kama sare za shule. Sasa mwongozo unataka ufanye kwanza tathmini ya vihatarishi: unashika nini, unakifanyaje, kinaweza kurukaje, na kikikupata kitakufanya nini. Mavazi yanatoka kwenye majibu hayo. Kwa hiyo maabara mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na kanuni tofauti na zote zikawa sahihi. Mtu anayehama kazi na kusema "kule tulikuwa hatuvai" huenda hasemi uongo. Kule hakuna mashine mliyonayo hapa.

Hakuna chupa inayokuja na onyo

Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, walianza kuugua homa isiyojulikana. Kazi yao ilihusiana na chanjo, na kwa ajili hiyo walikuwa wakishika damu, figo na seli za tumbili walioletwa kutoka Uganda. Waliugua watu 31, wakiwemo waliowauguza wagonjwa, na 7 wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mji. Mwaka 2024 virusi hivyo hivyo vya Marburg viliibuka Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Wale wa 1967 hawakuwa wazembe kuliko sisi, walikuwa wakishika nyama na damu ambayo hakuna aliyejua ina nini. Sampuli inayokuja dirishani kwetu imeandikwa "malaria" au "sukari" kwa sababu hicho ndicho daktari alichoomba, na fomu haitaji vingine vilivyomo ndani ya damu ile. Kwa hiyo kanuni ya msingi ni kwamba kila sampuli ichukuliwe kuwa na maambukizi, ya mkuu wa mkoa sawa na ya mlevi aliyeokotwa mtaroni.

Ukirudi kwa mama lishe, virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Doa dogo la kahawia kwenye kiwiko, ambalo hata hulioni, bado lina uhai wiki nzima.

Koti

Chukua koti lako, litandaze juu ya meza, udondoshee matone matatu ya maji. Hesabu. Kwenye koti la pamba la kawaida, hujamaliza kuhesabu maji yameshapita. Watu hudhani koti ni ukuta, kumbe ni kitambaa. Kazi yake ni kupokea mrusho mdogo badala ya shati lako, na kukupa nafasi ya kulivua haraka. Ukijua unakwenda kwenye kazi ya kumwagika, kama kuosha vyombo vyenye damu au kumimina mikojo ya saa 24, juu ya koti vaa aproni ya plastiki. Koti peke yake litakulowesha.

Mikono kukunjwa ni ugonjwa wetu wa joto. Dar es Salaam mwezi Februari, feni moja ikipuliza upande wa hadubini, asubuhi koti limefungwa vizuri na ifikapo saa sita kila mtu mikono iko kwenye viwiko. Siku moja nilikuwa hivyo, nikifungua tyubu ya kifuniko chekundu iliyotoka kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli. Kifuniko kiliganda. Nikakivuta kwa nguvu badala ya kukizungusha, kikafunguka kwa mlio mdogo, na mstari wa siramu, yale maji ya damu, ukanichora kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, juu ya kijeraha nilichojikuna usiku kwa ajili ya mbu. Nilinawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, nikaandika kwenye daftari la matukio, nikaenda kuonana na anayehusika, maana dawa za kuzuia VVU baada ya ajali huanzwa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Mambo yaliisha salama. Ila usiku ule sikulala, na tangu hapo mikono ya koti langu iko chini, jasho litoke.

Mikono ya koti iingie ndani ya glavu. Glavu ikiishia kwenye kifundo na koti likaishia kabla ya hapo, ule ukanda wa ngozi ulioachwa wazi katikati ndio unaoguswa na kila kitu.

Kuhusu kitambaa, mafundi wengi wa cherehani wanakushonea koti la poliesta kwa sababu halijikunji na hubaki jeupe. Kwa anayekaa mapokezi sina neno. Kwa anayepasha moto slaidi za makohozi juu ya taa ya spiriti, au kuunguza waya wa kupandia vimelea, poliesta ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Desemba 2008, kwenye maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23 alikuwa akivuta kwa sirinji kemikali inayowaka ikikutana na hewa. Hakuwa na koti. Alikuwa na sweta ya nyuzi za kiwandani, ikashika moto. Alifariki mwezi uliofuata. Pamba nayo inaungua, lakini haiyeyuki mwilini, na vifungo vya kubana vinakuruhusu kulichomoa koti kwa mvuto mmoja.

Mtandio au hijabu haikatazwi na kanuni yoyote niliyoitaja. Ncha zake zichomekwe ndani ya koti, zisining'inie juu ya benchi wala karibu na moto, na uwe na wa kazini tofauti na wa kurudia nyumbani. Rasta na nywele ndefu za kusuka hukumu yake ni hiyo hiyo, zifungwe nyuma. Kwa viatu sina mengi: vifunike vidole na kisigino, visiteleze. Yeboyebo vyenye matundu juu havifai, hata kama vinaoshwa kwa urahisi, kwa sababu sindano au kipande cha slaidi kikianguka hupita kwenye matundu yale yale yanayopitisha hewa.

Glavu, na imani tuliyozipa kupita kiasi

Glavu ndiyo kifaa kinachovaliwa vibaya kuliko vyote, na hasa kwa kuvaliwa muda mrefu mno. Mtu anavaa jozi moja saa mbili, anaingia nayo sita. Katikati ameshika damu, kalamu, kibodi ya kompyuta, kitasa cha friji, simu, na pua yake mwenyewe ilipowasha. Kwa mtu huyu glavu imelinda ngozi ya vidole vyake na kumchafulia kila mwenzake wa zamu. Afadhali angekuwa mikono mitupu, angalau angenawa.

Kinachosaidia ni kuamua mapema, kwa maandishi, kitu gani kinaguswa na glavu na kipi hakiguswi. Kama kibodi ya mashine ya damu ni ya glavu, basi ni ya glavu siku zote, na hakuna anayeigusa kwa mkono mtupu. Kama simu ya mezani ni ya mkono safi, anayepigiwa avue kwanza. Kinachoumiza ni kitu cha nusu nusu, kama kitasa ambacho mmoja anakishika na glavu zenye damu na mwingine anakishika akielekea kunywa chai.

Glavu za kutumia mara moja hazioshwi kwa spiriti ili zitumike tena. Najua sababu ya watu kufanya hivyo: boksi limebaki moja na mwezi una siku kumi. Lakini spiriti hudhoofisha ule utando, na vitundu vyake huvioni kwa macho. Kwa anayetoa damu, kila mgonjwa na glavu mpya. Na glavu haizuii sindano. Ikichomwa hupangusa sehemu ya damu iliyo nje ya sindano, basi. Kinga ya sindano ni kutoirudishia kifuniko na kuwa na boksi la ncha kali mkononi mwako, si chumba cha pili, pamoja na chanjo ya homa ya ini B, dozi zake zote 3.

Halafu kuna kemikali. Glavu ya mpira inayokukinga na damu si lazima ikukinge na kimiminika kingine. Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethilimakyuri, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glavu yake ya mpira. Alifuata kila alichotakiwa kufuata. Vipimo vya baadaye vilionyesha kimiminika kile hupenya glavu ya aina ile kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997. Sisi hatuna dimethilimakyuri kwenye kabati, lakini tuna zailini kwenye chumba cha tishu na asetoni kwenye kupaka rangi, na zote mbili hupita kwenye glavu nyembamba haraka kuliko wengi wanavyodhani. Glavu nyembamba ikirukiwa na zailini, ivuliwe hapo hapo, usimalizie kwanza slaidi iliyobaki. Kwa kazi ndefu, tafuta glavu nene za kemikali na usome jedwali la mtengenezaji.

Kama mikono inakuwasha na kutoka vipele, lisemee mapema. Mzio wa mpira ni ugonjwa wa kazi hii, na glavu zenye unga zilichangia sana, kiasi kwamba Marekani ilizipiga marufuku kwenye tiba mwaka 2017. Omba za nitrili. Na omba saizi yako: kidole kilichoogelea ndani ya glavu kubwa kitaangusha tyubu.

Barakoa ya makohozi

Hapa ndipo watu wanapobishana kuliko popote. Anayesoma makohozi kwa hadubini anadai N95, ile barakoa ya kubana inayochuja chembe ndogo, kila siku. Mwongozo wa WHO wa maabara za kifua kikuu, wa mwaka 2012, ulitazama kazi yenyewe: kutengeneza slaidi moja kwa moja kutoka kwenye makohozi hutoa chembechembe chache hewani, kwa hiyo ukiwa na benchi lenye hewa inayopita vizuri na mbinu nzuri ya kazi, N95 si lazima. Kuotesha vimelea na kupima usugu wa dawa ni habari nyingine kabisa. Huko vimelea ni vingi mno, kazi inafanyika ndani ya kabati la usalama, na mavazi yanapanda, pamoja na joho linalofungwa mgongoni.

Naona watu wanakasirika wakisikia hivyo, kana kwamba wanapunjwa. Lakini hebu jiulize nani yuko hatarini zaidi, anayepaka slaidi au anayesimama mbele ya mgonjwa anayekohoa ili atoe makohozi? Mgonjwa akikoholea nje, uwanjani, upepo ukipita, umeondoa hatari kubwa kuliko ambayo barakoa yoyote ingeondoa.

Na barakoa ya upasuaji, ile ya bluu, si N95 hata ukivaa mbili. Ile ya bluu inazuia matone ya mate yako na mrusho wa kioevu, haikubani usoni. N95 inachuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, kwa sharti kwamba imebana pande zote. Ndevu zinavunja sharti hilo. Mwenzangu mwenye ndevu ndefu za dini alipangiwa kazi nyingine badala ya kuambiwa anyoe, na sikuona kazi iliyoharibika.

Kuvua, na misumari ya pande mbili

Mtu anajichafua zaidi wakati wa kuvua kuliko wakati wa kuvaa, kwa sababu mwishoni amechoka. Glavu zinatoka kwanza, zikigeuzwa ndani nje, ya pili ikiingizwa kidole safi chini yake. Kisha miwani, ikishikwa kwa mikono yake ya pembeni. Kisha koti, ukilikunja upande wa nje uingie ndani. Barakoa ya kubana mwishoni, ukishatoka chumba chenye hatari. Kunawa mikono ndiyo hatua ya mwisho, hata kama glavu hazikutoboka.

Koti likishavuliwa linawekwa wapi? Kwenye maabara moja niliyofanyia kazi kulikuwa na msumari mmoja nyuma ya mlango. Makoti sita yalining'inia juu yake, moja juu ya jingine, na juu ya yote mkoba wa mtu. Upande wa ndani wa koti langu ulishinda umegusana na upande wa nje wa koti la jirani. Tulichofanya hakikuhitaji bajeti: misumari ya kutosha ndani ya maabara kwa ajili ya makoti, mbali mbali, na mingine korido kwa mikoba na mitandio ya njiani. Koti halivuki mlango, mkoba hauingii. Anayekwenda chai anatoka na shati lake.

Nani anafua

Nilipokuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, koti nilinunua mwenyewe na kufua nilifua mwenyewe, nyumbani kwa dada, kwenye beseni lile lile la nepi za mtoto wake. Hakuna aliyeniambia nisifanye hivyo. Sasa najua kwamba kanuni inakataa kabisa: koti la maabara halipelekwi nyumbani kufuliwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi, na Marekani kanuni ya mwaka 1991 ya magonjwa ya damu inamtaka mwajiri afue mavazi ya kinga kwa gharama yake. Kwa hiyo ukimwomba mkuu wako sehemu ya kufulia, huombi fadhila. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala.

Kama hospitali ina dobi wa mashuka, makoti ya maabara yaende huko kwenye mfuko wake, yasichanganywe na mashuka ya wodi. Maji ya nyuzi 60 na zaidi pamoja na sabuni yanatosha. Kama hakuna maji ya moto, yafuliwe kwa sabuni kwanza, kisha yalowekwe kwenye klorini ya asilimia 0.05 kwa dakika 30, yasuuzwe, yaanikwe juani. Kwa jiki ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 69 za maji. Watu wengi hutumia ile kali ya kufutia benchi, sehemu 1 kwa 6, kisha wanashangaa koti limechanika mabegani baada ya miezi mitatu. Ile iache kwenye benchi.